Somo la Saba: Mwalimu Nyerere na Habari ya Kung'atuka

 Ndugu wasikilizaji wa vikundi vya Kibaha na Kisarawe, natumaini kuwa wote mmekwisha kukaa, na redio mmeiweka mahali ambapo hata walioko nyuma wanasikia vema. Wenyeviti wa vikundi, tafadhali hakikisheni kuwa mwandishi wenu anayo kalamu na daftari, kwa maana mwisho wa somo nitatoa maswali manne, na majibu yake ndiyo kazi yenu ya juma hili.

Katika somo lililopita tulizungumza habari za halmashauri ya kijiji, jinsi inavyochaguliwa na kazi zinazoipasa. Baada ya somo lile nimepokea barua nyingi. Kikundi kimoja kimeuliza hivi: kiongozi akifanya kazi yake vizuri, kwa nini asiachwe aendelee siku zote? Kikundi kingine kimeuliza kinyume chake: kiongozi asiyetaka kuondoka, tumfanyeje? Mimi naona maswali haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Na sitayajibu leo kwa kuwasomea vifungu vya sheria. Nitayajibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu.

Mtu huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Katika historia ya nchi yetu hakuna aliyeongoza muda mrefu kama yeye. Aliongoza chama tangu mwaka wa 1954 mpaka mwaka wa 1990, yaani miaka 36. Alikuwa Rais tangu Desemba 1962 mpaka Novemba 1985, yaani miaka karibu 23. Sifa zake mmezisikia sana shuleni na mikutanoni, wala si kazi yangu leo kuzirudia zote. Watu wengi huyahesabu maisha ya kiongozi kwa vyeo alivyopata. Sisi leo tutayahesabu kwa vyeo alivyoviacha. Mwalimu aliacha kazi au cheo mara tano. Tuzitazame mara hizo moja moja, tuone kila mara aliacha kwa sababu gani, na baada ya kuacha kulitokea nini.

Lakini kwanza tujifunze neno. Mwandishi wa kikundi, andika: KUNG'ATUKA. Neno hili limeingia katika Kiswahili kutoka Kizanaki, lugha ya kwao Mwalimu, na yeye ndiye aliyelifanya lijulikane nchi nzima. Maana yake ni kuondoka katika uongozi kwa hiari yako, ukawaachia wengine nafasi. Angalieni vizuri: aliyefukuzwa hakung'atuka, na aliyeshindwa katika uchaguzi hakung'atuka. Anayeng'atuka ni yule ambaye angeweza kubaki, naye akaondoka.

Basi tuanze. Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwaka wa 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya. Alianza shule mwaka wa 1934 katika Shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Baadaye alisoma Tabora, kisha Makerere kule Uganda, ambako alisomea ualimu. Alifundisha Tabora katika Shule ya Mtakatifu Maria, na mwaka wa 1949 alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alirudi mwaka wa 1952 akiwa na digrii, jambo lililokuwa nadra sana kwa Mwafrika wa Tanganyika siku zile.

Aliporudi alipewa kazi ya kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu. Ninyi watu wa Kisarawe mnapafahamu Pugu kuliko mimi. Ni pale vilimani, jirani zenu kabisa, mahali ambapo ukitaka kwenda mjini hapana budi upite. Mwezi wa Januari 1953 alimwoa Bibi Maria Gabriel, na mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, alichaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, kilichojulikana kwa herufi zake TAA. Kutoka Pugu mpaka mjini Dar es Salaam ni kama kilomita 20, na yasimuliwa kuwa mara nyingine alikwenda mikutanoni kwa miguu. Tarehe 7 Julai 1954, wajumbe walikutana Dar es Salaam wakakigeuza chama kile kuwa TANU, naye akachaguliwa kuwa Rais wake.

Sasa tunafika mara ya kwanza ya kuacha. Mwezi wa Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Neno udhamini hapa lina maana kwamba Tanganyika haikuwa koloni kamili. Uingereza ilikabidhiwa nchi hii iitunze mpaka ijitawale, na kwa hiyo ilipaswa kujibu maswali mbele ya mataifa mengine. Nyerere alieleza kwamba watu wa Tanganyika wanataka kujitawala. Maneno yale hayakuipendeza Serikali. Aliporudi, ilimbidi achague moja katika mambo mawili: ualimu au siasa. Akaacha ualimu.

Ndugu zangu, msilipite jambo hili upesi. Mwalimu mwenye digrii alikuwa na mshahara wa uhakika, nyumba, na heshima kubwa. TANU haikuwa na fedha. Yeye alikuwa na mke na watoto wadogo. Baada ya kuacha alirudi kwao Zanaki kwa miezi kadhaa, ndipo akaja tena Dar es Salaam kufanya kazi ya chama, na Mama Maria akafanya biashara ya duka dogo kusaidia nyumba. Hasara ya kuacha ilimpata yeye na jamaa yake. Lakini jina Mwalimu halikumwacha. Aliacha darasa la Pugu, na mpaka kufa kwake hakuna aliyemwita kwa jina lingine.

Mara ya pili ni mwaka wa 1957. Gavana alimteua awe mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Ni cheo kikubwa kwa wakati ule. Lakini baada ya miezi michache, mwezi wa Desemba, Nyerere alijiuzulu. Alisema kwamba Serikali imekataa mapendekezo yake yote, na kwamba akiendelea kukaa pale atakuwa anawadanganya watu waliomtegemea. Hapa tunapata somo la namna nyingine. Mara ya kwanza aliacha kazi ili apate kufanya kazi kubwa zaidi. Mara ya pili aliacha kiti kwa sababu kiti kile hakikuwa na kazi. Wako viongozi wengi wanaokaa katika kamati miaka na miaka, hawasikilizwi, hawaamui cho chote, lakini hawaondoki kwa sababu wanaitwa waheshimiwa. Nyerere aliona heshima ya namna hiyo ni bure.

Lakini msidhani kwamba alikuwa mtu wa kususa. Mwezi wa Januari 1958 TANU ilifanya mkutano mkuu Tabora. Serikali ilikuwa imetoa masharti ya uchaguzi ambayo yaliwaudhi wanachama: kila mpiga kura sharti achague watu watatu, mmoja Mwafrika, mmoja Mwasia, na mmoja Mzungu. Wengi walitaka kususia uchaguzi. Nyerere aliwashawishi washiriki. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake. Matokeo yake, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959. Kwa hiyo mtu yule yule aliyetoka barazani Desemba, mwezi uliofuata aliwaambia wenzake wasikae nje. Kuondoka ni chombo kama jembe. Yafaa ujue wakati wake.

Mara ya tatu iliwashangaza watu wengi. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71. Nyerere akawa Waziri Kiongozi, kisha Waziri Mkuu mwezi wa Mei 1961. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishuka, na ya Tanganyika ikapanda. Watu walifurahi, wakacheza ngoma. Halafu tarehe 22 Januari 1962, hata majuma saba hayajatimia, Waziri Mkuu akajiuzulu! Nafasi yake ilishikwa na Bwana Rashidi Mfaume Kawawa.

Kwa nini? Nyerere aliona kwamba chama kilichokuwa kimejengwa kwa ajili ya kudai Uhuru hakijui la kufanya baada ya Uhuru. Watu wengi walidhani Uhuru ukija, kazi imekwisha. Basi alikwenda mikoani kuzungumza na wananchi, kukijenga chama, na kueleza mawazo yake juu ya ujamaa, ambayo aliyatoa katika kijitabu mwaka ule wa 1962. Bwana Kawawa naye alibaki akiongoza Serikali. Halafu Tanganyika ilipoamua kuwa Jamhuri, Nyerere aligombea Urais mwezi wa Novemba 1962. Alipata kura zaidi ya milioni 1, na Bwana Mtemvu aliyeshindana naye alipata kura kama 21,000.

Mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi wangu upande wa Bwana Kawawa katika habari hii. Alikabidhiwa nchi akiwa kijana wa miaka 35, akaiongoza karibu mwaka mzima, kisha akamrudishia mwenzake uongozi bila ugomvi, akaendelea kuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Kuondoka kwa mmoja hakufai kitu kama hakuna mwingine wa kuaminiwa kupokea. Tukisifu anayeacha, tumsifu pia anayepokea vizuri.

Sasa hapa katikati pana kipindi kirefu, miaka 23, ambacho Mwalimu hakuondoka. Nacho lazima tukiseme kwa haki, mema yake na mabaya yake, kwa sababu somo la historia lisilo na upande wa pili ni sawa na mizani yenye sahani moja.

Mema yake yako mbele ya macho yenu. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilikaa pamoja, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya shule ya msingi. Mwalimu mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ili aonyeshe kwamba lugha yetu yaweza kubeba mzigo wo wote. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, ambalo liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba, au kuwa na hisa katika makampuni.

Nanyi mnaonisikiliza mnahusika hasa na jambo moja. Mwalimu aliutangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu zilionyesha kwamba katika mwaka wa 1967 karibu watu wazima 7 katika kila 10 hawakujua kusoma na kuandika. Madarasa yalifunguliwa chini ya miembe, makanisani, misikitini na viwandani. Redio nayo ilifanya kazi kubwa: mwaka wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kama ninyi mlivyo sasa, nao walichimba vyoo na kusafisha visima baada ya kila somo. Kwa takwimu za Serikali, kufikia mwaka wa 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hata kuwa kama mtu 1 katika 10. Pale Kibaha, shirika la elimu lililoanza mwaka wa 1963 kwa msaada wa nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden lilikabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka wa 1970, pamoja na shule, kituo cha afya, na mafunzo ya wakulima. Watoto na wazee wengi wa Pwani wamepita pale.

Mabaya nayo yasifichwe. Mwaka wa 1962 ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwapeleka mahakamani, nayo ilitumiwa. Mwaka wa 1964, baada ya maasi ya askari, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, na baadhi ya viongozi wake wakawekwa kizuizini. Tangu mwaka wa 1965 sheria iliruhusu chama kimoja tu, na katika uchaguzi wa Rais jina lilikuwa moja: ndiyo au hapana. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi katika TANU siku za kudai Uhuru, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiliwa mwaka wa 1972.

Tena mwezi wa Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba kabla ya mwisho wa mwaka wa 1976 watu wote wa mashamba wawe wanaishi vijijini. Mamilioni ya watu walihamia. Wengine walihamia kwa hiari, wengine walihamishwa kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa moto. Wazee wa Kisarawe waelewa maana ya mtu kuacha mikorosho na minazi aliyoipanda babu yake. Nchi yetu ilivuna karibu tani 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74; katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yamepungua hata chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: mashamba yaliyoachwa mbali na makao mapya, bei ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga. Lakini ile ya kwanza ilitokana na amri.

Jambo moja zaidi. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka wa 1972, na vyama vya ushirika vya mikoa vikavunjwa mwaka wa 1976. Baadaye Mwalimu mwenyewe alisema waziwazi kwamba kuvifuta vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa. Vyombo hivyo vilirudishwa kwa sheria za mwaka wa 1982. Halmashauri ile tuliyoizungumza juma lililopita imesimama juu ya sheria ya mwaka ule.

Sasa jiulizeni: kwa nini ilichukua miaka 10 kulisahihisha kosa lile? Nami nitawapa jawabu langu, nanyi mtalijadili. Kiongozi akikaa muda mrefu sana, hata akiwa mwema na mwenye akili nyingi, watu wanaomzunguka huanza kuogopa kumwambia kweli. Wengine humwogopa, wengine humpenda kupita kiasi, na wote wawili hunyamaza. Mwalimu hakuwa mwizi, wala hakujilimbikizia mali. Hata maadui zake walikubali jambo hilo. Kwa hiyo mfano wake watufaa zaidi. Kama kukaa muda mrefu kwaweza kuleta madhara hata chini ya mtu mwaminifu, sembuse chini ya mtu asiye mwaminifu?

Basi tufike mara ya nne. Mwanzo wa miaka ya 1980 nchi ilikuwa katika dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi, bei ya mafuta ilipanda, na viwanda vilisimama. Mnaokumbuka mnakumbuka foleni za sabuni, sukari na khanga. Mwaka wa 1984 Katiba ilibadilishwa, ikawekwa kwamba Rais asiongoze zaidi ya vipindi viwili vya miaka mitano. Na tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu alimkabidhi nchi Bwana Ali Hassan Mwinyi. Alikuwa na umri wa miaka 63, na hakuna jeshi, mahakama wala chama kilichomlazimisha.

Ili muone uzito wa jambo hili, tazameni Afrika ya siku zile. Rais Senghor wa Senegal alikuwa amejiuzulu mwishoni mwa mwaka wa 1980, na Rais Ahidjo wa Cameroon mwaka wa 1982. Lakini Ahidjo aligombana na yule aliyemwachia nchi, akaishia uhamishoni. Jirani zetu wa Malawi walikuwa na Dokta Banda, aliyefanywa Rais wa maisha mwaka wa 1971, akaondolewa kwa kura mwaka wa 1994 akiwa mzee sana. Mobutu wa Zaire alikaa tangu 1965 mpaka alipokimbizwa na waasi mwaka wa 1997, na nchi yake haikutulia baada yake. Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wazee wetu, na mara nyingi wanaoumizwa na mpasuko ule si wapiga ngoma bali waliosimama karibu.

Lakini hata mwaka wa 1985 Mwalimu hakuacha vyote. Alibaki Mwenyekiti wa Chama cha Mapinduzi, na kwa kuwa chama kilikuwa kimoja na chenye madaraka makubwa, Rais mpya alikuwa na mzee nyuma ya mlango. Mwaka wa 1986 Serikali ya Bwana Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo Mwalimu alilipinga kwa muda mrefu. Je, kubaki kwake chamani kulisaidia nchi isiyumbe, au kulimzuia mrithi wake asiongoze kwa uhuru? Watu wenye busara hawajakubaliana. Jadilini ninyi.

Mara ya tano, na ya mwisho, ni mwezi wa Agosti 1990. Mwalimu aliacha uenyekiti wa chama, naye Bwana Mwinyi akaupokea. Mapema mwaka ule Mwalimu alikuwa ameanza kusema kwamba yafaa watu wajadili habari ya kuwa na vyama vingi. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchini mwaka wa 1991. Watu 80 katika kila 100 waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, na 20 walitaka vyama vingi. Hata hivyo tume ilishauri mfumo ubadilishwe, Mwalimu aliunga mkono, na mwaka wa 1992 sheria ikabadilishwa. Mtu aliyeujenga mfumo wa chama kimoja alisaidia kuuondoa akiwa hai.

Baada ya hapo aliishi Butiama, akalima. Hakunyamaza, alisema na kuandika alipoona viongozi wanakosea. Tangu mwaka wa 1996 alikuwa msuluhishi katika mgogoro wa Burundi. Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akazikwa Butiama.

Na alichokiacha ni nini? Bwana Mwinyi aliondoka baada ya miaka 10, mwaka wa 1995. Bwana Benjamin Mkapa aliondoka baada ya miaka 10, mwaka wa 2005. Bwana Jakaya Kikwete, mtu wa mkoa wetu wa Pwani, aliondoka baada ya miaka 10, mwaka wa 2015. Jambo lililowashangaza watu mwaka wa 1985 limekuwa desturi. Pale Kibaha imejengwa shule ya uongozi yenye jina la Mwalimu, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 na vyama sita vilivyopigania ukombozi wa kusini mwa Afrika. Lakini jengo halifundishi lenyewe. Wala Katiba peke yake haitoshi, kwa maana Katiba inamhusu Rais, nayo haifiki kwenye kamati ya kisima chenu.

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha, ndugu zangu. Tuseme kijiji kina pampu ya maji. Kamati imechagua mtunza hazina, mtu mwaminifu sana. Mwaka wa kwanza mahesabu yasomwa mkutanoni. Mwaka wa tano hayasomwi, kwa sababu kila mtu anamwamini. Mwaka wa kumi daftari liko nyumbani kwake chini ya kitanda, fundi wa pampu anamjua yeye tu, na duka la vipuri linamkopesha yeye tu. Hajaiba hata senti. Lakini siku akiugua, pampu nayo inaugua. Na mtu akiuliza, ataambiwa: unamshuku mzee wetu? Basi kijiji kile kimepoteza kitu, ijapokuwa fedha zote zipo. Kimepoteza uwezo wa kujiongoza.

Kwa hiyo jawabu langu kwa kikundi cha kwanza ni hili. Kiongozi mwema aondoke kwa wakati wake kwa sababu ni mwema, maana yeye ndiye awezaye kumfundisha anayemfuata. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa kwa miaka mitano. Akitumia miaka hiyo kuwafundisha vijana wawili au watatu kazi yake, kuondoka kwake hakutakuwa msiba. Na jawabu langu kwa kikundi cha pili ni hili. Asiyetaka kuondoka huzuiwa mapema, wakati bado anapendwa. Andikeni muda wa uongozi katika masharti ya kikundi chenu leo, kabla hamjagombana. Takeni mahesabu yasomwe kila mara, hata kwa mtu mnayemwamini. Daftari likae mahali ambapo watu watatu wanapajua. Mambo haya ni madogo, wala hayatangazwi katika habari, lakini kijiji kinachoyafanya hakitamtegemea mtu mmoja.

Sasa waandishi wa vikundi, andikeni maswali.

Swali la kwanza: Mwalimu aliacha kazi au cheo mara tano. Zitajeni kwa miaka yake, na kwa kila mara semeni ni nani aliyepata hasara na ni nani aliyepata faida.

Swali la pili: Je, ilikuwa vema Mwalimu kubaki Mwenyekiti wa chama kwa miaka mitano baada ya kuacha Urais? Toeni sababu za pande zote mbili kabla ya kuamua.

Swali la tatu: Katika kijiji chenu, ni kazi gani ambayo leo inajulikana na mtu mmoja tu? Ni nani atakayefundishwa kazi hiyo, na lini?

Swali la nne ni la wale walio viongozi peke yao, nao walijibu kwa faragha: Kama ningeondoka mwezi ujao, ni jambo gani lingeharibika? Mkiona kwamba mengi yangeharibika, msijisifu. Anzeni kufundisha wenzenu.

Majibu ya maswali matatu ya kwanza myalete kwa Mratibu wa Elimu wa kata yenu kabla ya somo lijalo. Akina mama ambao hawakusema juma lililopita waanze wao safari hii. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza habari za vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho, na jinsi ya kusoma stakabadhi ya ghala.